Hodi za Bi Hadija

Bi Hadija, mkulima wa ufuta wa Nkowe, alikuwa na presha, na simu yake ilishinda dukani kwa Habibu ikichajiwa. Mwaka 2009 mtafiti Laurencia alianza kuwatumia wagonjwa meseji za kuwakumbusha dawa. Ya Hadija ikiingia, Habibu aliisoma kwa sauti, na kila aliyepita hapo na baiskeli alifika kwa Bi Hadija kupiga hodi: “Mama, umeshameza?”

Laurencia alipogundua, alifadhaika. Akataka kuifunga simu ile kwa namba ya siri, watu wasijue ugonjwa wake.

“Iache hivyohivyo, mwanangu, na Mungu akulipe,” Hadija alimwambia. “Tangu mzee wangu afariki, hodi nilikuwa nazisikia kwa jirani tu.”