Mzee wa Kwenye Filamu Hakuitikia

Ilianza Alhamisi, saa kumi na moja jioni, tukipiga deki bwenini. Mwalimu wetu wa Kiswahili alisimama mlangoni akaisifu filamu ya mzee aliyeketi, kazi ya mtengenezaji mmoja anayeheshimiwa nchi nzima. Akauliza nani aliwahi kuiona. Mimi nikainama. Rafiki yangu niliyewahi kumsimulia, mbaya kweli, akauinua mkono wangu.

“Vizuri! Kesho utatueleza uzuri wake.”

Usiku ule sikulala. Mwalimu huyu ndiye pekee anayeniazima vitabu vyake. Nikimuudhi, basi tena.

Unajua, niliiona nikiwa mdogo, kwetu karibu na Mkiwa, mtama ukiwa umeshavunwa. Gari la sinema lilikuja, shuka jeupe likatundikwa ukutani kwenye tembe la udongo la jirani. Jenereta inanguruma, dizeli inanuka, sisi tumeegemea mapaja ya bibi tukibambua karanga. Kwanza walionyesha namna ya kuchimba choo, tukacheka sana. Kisha ikaja hiyo yenyewe: mzee ameketi, anatutazama. Upepo unavuma. Anatutazama tu.

Bibi akatufinya. “Nyie, mzee kawakazia macho hivyo, hamna adabu? Mwamkieni!”

“Shikamoo!” tukaamkia watoto wote.

Kimya. Tukarudia kwa nguvu zaidi. Kimya.

“Anaringa huyo,” jirani akasema.

“Labda hasikii, maskini,” bibi akamtetea.

Mwenye gari akashika kipaza sauti, akaeleza kuwa ukimya ule ni taifa linalosubiri mapambazuko. Mwenyekiti wa kijiji akapiga makofi, na watu wote wakafuata. Nikamuuliza bibi kama ameelewa.

“Nielewe nini? Si wenzangu wamepiga?”

Tangu siku ile nashuku sifa za namna hiyo. Kama ukimya una maana kubwa, mbona hausemi chochote mpaka mtu mwenye kipaza sauti ausemee? Lakini najishuku na mimi. Huenda ni uzuri mkubwa na akili yangu ndiyo fupi. Huenda mwalimu ameona kitu. Au naye alimfuata mwenyekiti wake?

Nilichokipenda ni jioni yenyewe: joto la bibi, vumbi la maganda ya karanga, vicheko. Sasa bibi hayupo. Tulipohamishiwa kijiji kipya tembe lile liliezuliwa, na ukuta umebaki kichuguu cha udongo ambacho mbuzi wanakipanda. Ningeweza kusema filamu ni nzuri, na machozi yangenitoka kweli, ila yangekuwa ya vitu vingine.

Asubuhi mwalimu aliniita mbele. Nikasema, “Mwalimu, mimi sikuuona huo uzuri. Kama wewe umeuona, naomba unionyeshe ulipo.”

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“Keti,” akasema.

Nikabaki nimesimama, nikingoja anionyeshe.