Swali Nililomwuliza Damari

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi hapa Birmingham, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipomshinda rafiki yangu kwa maneno nikajiona nimeelimika.

Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, nimepanga chumba mtaa wa Acocks Green pamoja na Damari, mwanafunzi mwenzangu kutoka Maragoli. Mimi ni mzaliwa wa Taita, binti wa mzee wa kanisa. Kwetu, ukiuliza swali juu ya Mungu ulijibiwa kwa jicho kali, ukanyamaza. Kwa hiyo, mwanangu, nilipopata darasa la falsafa la watu wazima, Jumamosi mchana, nilijiona nimefunguliwa dirisha. Mwalimu wetu, mama wa Kiingereza mwenye sauti ya chini, alipanga viti kwa duara akatuambia falsafa ilikuwa mazungumzo kabla haijawa vitabu. Tukaulizana wema ni nini, na mtu hujuaje kwamba anajua. Nilikuwa nikitoka pale nimesahau hata njaa.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Mimi nilipewa, nikaenda kumkata mwenzangu.

Asubuhi ya siku hiyo Damari alipata barua: mama yake, aliyelazwa miezi mitatu, ameanza kutembea. Alipiga magoti kando ya kitanda akashukuru kwa lugha ya kwao. Alipoinuka nikamwuliza, “Unajuaje ni Mungu? Na wale waliokufa katika wodi ileile, watu wao hawakuomba?”

Akaikunja barua. Nikaongeza swali la pili, na la tatu. Alinitazama tu. Nikavaa koti nikaenda darasani nimejaa furaha.

Wakati wa chai nilimsimulia Mzee Gurdial, aliyesoma nasi darasa lile. Huyu alikuwa Kalasinga wa Small Heath, seremala wa Kisumu kwa miaka mingi kabla hajaja huku, na Kiswahili chake ukikisikia bila kumwona usingemdhania Mhindi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Yeye alijibu nini?”

“Hakujibu, Mzee. Alikosa jibu.”

“Ulimngoja?”

Nikakoroga chai yangu. Akaweka kikombe chini.

“Binti, mimi nilipasua mbao na Mwislamu mmoja, Ali, kwa msumeno wa watu wawili. Ukivuta, mwenzako anaachia. Akivuta yeye, unaachia wewe. Mkivuta pamoja msumeno unakwama. Tulizungumza habari za Mungu miaka ishirini. Alikufa Mwislamu, na mimi kilemba changu hiki hapa. Lakini maswali yake yalinifanya niijue dini yangu kuliko nilivyofundishwa nyumbani. Wewe leo hukuzungumza na mtu. Ulivuta peke yako.”

Niliporudi, kitanda cha Damari kilikuwa kimetandikwa, na sanduku halipo. Mwenye nyumba akaniambia amehamia mtaa wa Kingstanding kwa binamu yake. Mezani aliniachia nusu ya majani ya chai na nusu ya sukari tuliyonunua pamoja. Hilo liliniuma kuliko tusi.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Wiki nzima nilizunguka na aibu yangu, na Jumapili nikapanda basi hadi Kingstanding. Damari alinifungulia mlango, akanikaribisha jikoni bila kinyongo wala tabasamu. Nikamwomba radhi. Kisha nikamwuliza, na safari hii nilitaka kujua kweli, “Siku ile uliponyamaza, ulikuwa unawaza nini?”

Akainjika birika la chai kwanza. Nami nikangoja, ingawa ulimi uliniwasha.

“Dada yangu alikufa nikiwa na miaka tisa,” akasema. “Tulimwombea vilevile. Swali lako ninalo tangu siku hiyo. Sikukosa la kusema. Niliona umelishika kama kitu cha kuchezea, nikaogopa kukupa la kwangu.”

“Na bado unaomba?”

“Naomba nalo. Namwuliza mwenyewe. Siku nyingine nahisi amenisikia, siku nyingine sihisi kitu. Mtu ukimpenda huachi kusema naye kwa sababu amekaa kimya.”

Mwanangu, katika darasa lile sikuwahi kusikia neno lililonifikirisha kama hilo, tena kutoka kwa mtu niliyemdhania hafikiri. Tulizungumza hadi chai ikapoa. Hakurudi chumbani kwetu, lakini urafiki ulirudi. Siku moja nilimpeleka darasani, akaniambia ndani ya basi tukirudi, “Watu hawa wanamjadili Mungu sana, lakini hakuna anayemsalimia.” Tulicheka mpaka kondakta akatugeukia. Mimi mwenyewe nilianza tena kuomba, si kama nilivyofundishwa utotoni, bali kama mtu anayeuliza na kutega sikio.

Basi usiogope kuuliza, hata juu ya Mungu. Kuuliza si ujinga, na imani inayokimbia swali haijakomaa. Ila kabla hujafungua kinywa, jichunguze kama unataka kujua au unataka kushinda. Ukishauliza, ngoja. Mwenye kupiga magoti usimdhanie hana akili, na mwenye shaka usimdhanie hana moyo, maana huenda wote wawili wamebeba swali moja.

Mungu asiyechoka kuulizwa akupe rafiki wa kukwambia kweli, akupe na subira ya kumsikiliza. Uende salama, mwanangu, na amani ikutangulie.