Ubao wa Nyuso Mbili

Kwaa-pa. Hata leo Zakia akifumba macho huusikia: ubao mweusi wenye nyuso mbili ukigeuka katika fremu yake, pale kwenye yadi ya malori katika mji mdogo wa Mpemba, na vumbi la chaki likishuka polepole kama ukungu usio na haraka.

Mwaka 2009 tajiri mwenye yadi alimpa wiki mbili za kuupumzisha ubao huo, ulioandikwa nafasi za malori, kwa programu ya kompyuta. Alikuwa mpiga chapa wa yadi, aliyejifundisha mwenyewe kuandika programu. Katika programu yake kila lori lilikuwa kisanduku chenye namba; ulikivuta kwa mausi hadi mahali lori lilipoegeshwa. Tajiri akiikubali, Zakia angebaki na kompyuta. Akiikataa, kompyuta ingerudi Mbeya, naye angerudi kwenye taipureta.

Lakini visanduku havikutulia. Ukikivuta kimoja, kilimetameta, kikaacha nyuma yake vivuli vya umbo lake. Mzee Idrisa, msimamizi wa yadi, alidhani vivuli vile ni malori, akamzungusha dereva Yassir yadi nzima na huku nafasi tatu zi wazi.

"Dada Zakia," Yassir alicheka dirishani, "lori langu limezaa?"

"Mapacha watatu," mzee alijibu, naye hakucheka. "Mwanangu, tajiri anakuja kesho kutwa. Kioo hiki sikiamini, na nitamwambia."

Zakia aliiongezea programu kasi. Kumetameta kukazidi.

Alasiri manyunyu yakaanza. Mzee alirudi kwenye ubao wake, akawa anaandika mpangilio mpya upande wa nyuma, mstari kwa mstari, huku madereva wakisoma ule wa zamani mbele. Zakia alikuwa ameliona jambo hilo miaka minne bila kuliuliza.

"Mzee, kwa nini huandiki mbele?"

"Wakiniona nafuta, wote wanawasha injini! Kila mmoja anadhani nafasi iliyofutwa ni yake. Naandika nyuma mpaka nimalize, ndipo nageuza."

Kwaa-pa.

Zakia alisimama na manyunyu usoni. Programu yake ilikuwa ikifuta na kuchora mbele za watu. Usiku huohuo aliipa upande wa nyuma: picha ya pili iliyofichika ndani ya kompyuta, yadi nzima ichorwe humo kwanza, kisha itokeze mara moja, ikiwa kamili.

Tajiri alipofika, mzee alishika mausi kwa vidole vyenye chaki. Kisanduku kiliteleza kama kivuli cha wingu juu ya vilima vya Mbebe, kisiache alama popote. Mzee alikirudisha. Akakipeleka tena.

"Kinakwenda kizima," alisema.

"Basi kompyuta inabaki," tajiri alisema, akiunyooshea ubao kidole. "Na lile gogo lenu likachanjwe kuni."

Zakia alitoka nje, manyunyu yakiwa yamerudi, akaweka kiganja ubaoni, juu ya chaki iliyolowa.

"Huu niachieni mimi," alisema, kwa sauti ndogo sana.