Fundi wa sare aliyewafungulia mlango wanaouguza

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Langoni mjini Lamu, Wafaa Kamaludin anasukuma cherehani kwa mguu, mkono wake unaongoza kaptula ya shule, na jicho moja liko kwenye laptopu kuukuu iliyo juu ya meza ya kupigia pasi.

“Ngoja kidogo, Bi Israa, kuna mtu mlangoni,” anamwambia mteja aliyefuata sare ya mwanawe.

Bi Israa anageuka. Mlangoni hapana mtu.

“Si huo,” Wafaa anacheka. “Huu hapa.” Anamgeuzia laptopu.

“Wewe Wafaa, utakuja kumshonea mtu suruali ya mguu mmoja!”

“Nishashona. Aliirudisha.”

Mlango anaousema ni ukurasa wa mbele wa Tuuguzane, tovuti ya watu wa visiwa vya Lamu wanaouguza jamaa zao nyumbani. Humo huulizana nani ana kitanda cha kuazima, boti gani itakubali mgonjwa aliyelala, nani anaweza kuja kushika zamu mtu apate japo usingizi. Wafaa, mwenye umri wa miaka arubaini na mmoja, ndiye mtunzaji wake. Halipwi. Ada ya tovuti hutoka kwenye hizo hizo kaptula.

Leo ni Alhamisi. Jumamosi kamati ya jumuiya yenye tovuti hiyo itaamua kama ukurasa alioutengeneza upya ubaki, au ule wa zamani urudishwe.

“Ukirudi wa zamani, mimi natoka,” anasema, uzi ukiwa mdomoni. “Siwezi kuwafungia watu mlango mara ya pili.”

Ule wa zamani ulifunguka kwa picha ya mlezi wa jumuiya, anatabasamu. Chini yake mwenyekiti, naye anatabasamu. Chini yake katibu, na salamu ndefu kama hotuba ya kuzindua choo. Kisha kanuni. Mtu ana mgonjwa ndani, bando la kukopa, mtandao unakuja na kuondoka, lakini ilikuwa lazima awamalize wakubwa kwanza. Ndivyo tulivyozoezwa katika nchi hii. Hata kwenye shida ya mgonjwa, mkubwa hutangulia.

Akishawapita wakubwa, mgeni alijiandikisha, akangoja akubaliwe. Akikubaliwa aliandika swali lake, akangoja lipitishwe. Likipitishwa, alingoja wa kulijibu.

“Niliambiwa nitengeneze hivyo, nikatengeneza,” asema Wafaa. “Wageni wakaja, wakapotea. Kwenye vikao tukawa twasema watu wa siku hizi hawana subira.”

Aliyemzindua ni Mwana, mwanamke wa Siyu, kisiwani Pate. Mwaka jana Wafaa alikuwa amepeleka sare Mokowe, ng’ambo ya bara. Gatini akaona wanaume wawili wamembeba mwanamke mtu mzima juu ya kiti cha plastiki, kile cha harusini, na binti yake nyuma ameshika mto. Huyo mgonjwa ni Bi Saadiya, mamake Mwana. Kiharusi kilimshika upande mzima, na kwa kulala chali muda mrefu mgongo ulikuwa umeota vidonda.

Wafaa akamwambia Mwana, “Dadangu, mbona hukuuliza Tuuguzane? Huenda ungepata kiti cha magurudumu.”

“Nalikuja,” Mwana akamjibu. “Nimepiga hodi mara tatu, sikuitikiwa, nikashika ndia nikarudi kwangu. Kwani wewe mamako hakukufunza?”

Kila mtoto wa Amu, yaani Lamu, hufunzwa hivyo. Hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Usipoitikiwa, ugeuke uende zako, na usiweke kinyongo.

“Uso uliniwaka moto,” Wafaa anakumbuka. “Sisi tunawaita hawana subira, kumbe wao ndio wenye adabu. Wasio na adabu ni wenye nyumba.”

Aliporudi alianza kuubomoa ule ukurasa, jioni moja baada ya nyingine. Picha akazitoa, na kanuni akazipeleka mwisho. Sasa mgeni akifungua anakuta maneno mawili matatu, “Karibu. Unamuuguza nani?”, na hapo hapo pa kuandika. Haulizwi jina. Kila siku kuna mwenye zamu, na sharti lake ni kwamba swali lijibiwe kabla ya adhana inayofuata, hata kama jibu ni “sijui, nakuulizia”.

Mwenyekiti, Bwana Yasir Aqil, mwenye duka la saruji na mabati, hakupendezwa.

“Mlango usio na bawabu huingia hata paka mwizi,” alimwambia mwandishi wa makala haya. “Na mgonjwa ana sitara yake. Leo mtu aandike mambo ya mamake, kesho yasomwe gatini?”

Hilo la sitara Wafaa alilikubali, na ndiyo sababu majina hayaulizwi. La picha hakulikubali.

Jumamosi ilipofika, kamati ilikaa ghalani kwa Bwana Yasir, kati ya mifuko ya saruji. Pembeni palikuwa na viti viwili vya magurudumu vilivyotumwa na watu wa Amu walioko Maskati, bado vimevaa nailoni. Kisa? Vinangoja mgeni wa heshima aje avikabidhi, apigwe picha. Sisi tuliozika wake zetu huku tukiambiwa ombi lenu linashughulikiwa, tunavijua vitu vya kungoja mgeni wa heshima.

Wafaa alikuwa amemwalika Mwana. Bwana Yasir akamgeukia kwa upole, maana mpole ni mpole, akamuuliza, “Bi Mwana, wewe wapenda ukaribishwe na mtu usiyemjua, au na viongozi wako?”

“Bwana Yasir,” Mwana akasema, “picha yako naliiona. Ni nzuri. Lakini mamangu hawezi kuikalia.”

Wa kwanza kucheka alikuwa Bwana Yasir mwenyewe, akacheka hadi akavua miwani akajifuta macho. Kisha akaangalia vile viti, na kicheko kikaisha.

Ukurasa mpya umebaki. Picha za viongozi zimehamia ndani, kwa anayetaka kuziona. Mwenyekiti amechukua zamu ya Jumapili, na wanaomjua wanasema hujibu kwa urefu kupita kiasi, lakini hujibu. Kiti kimoja kilivuka kwenda Siyu siku iyo hiyo, bila mgeni wa heshima.

Wafaa hajamaliza. Wengi wanaouguza hawakusoma, na wengine mato yamechoka, hawaoni vizuri. Anataka mtu akifungua ukurasa asikie sauti ikimkaribisha, naye aulize kwa sauti yake. Kwa hiyo alikwenda Siyu na simu yake, amrekodi Mwana.

Bi Saadiya, amekaa kitini pake kizingitini, akamzuia bintiye kwa mkono ule mzima. Yuwataka kusema yeye.

Mdomo wake bado umevutwa upande mmoja. Neno “karibu” lilimchukua muda. Alilianza, likakwama, akapumua, akalianza tena, akalifikisha.

Rafiki yake Wafaa aliyeko Mombasa, anayemsaidia mambo ya sauti, alimshauri aifupishe, akate pale penye kukwama.

“Nimekataa,” asema Wafaa, akiikunjua kaptula nyingine. “Mwenye haraka na aruke. Lakini anayeuguza akisikia pale alipokwama, atajua amefika kwao.”