Mashine Iliyoamini Kila Swali Lina Jibu

Msimamizi wangu wa shahada ya pili aliita kazi yangu kamari, na mpaka leo nikiikumbuka sauti yake damu inanichemka.

Ilikuwa miaka ya tisini, katika chuo kimoja karibu na Ruiru, nami nilikuwa nakaa kwa mama huko Kiandutu, Thika. Nilikuwa na milinganyo ya vyuma vilivyoungana kuwa mkono wa mashine ya kiwandani, milinganyo kadhaa inayopaswa kukubaliana kwa pamoja. Majibu yake ni mengi, lakini mengi ni ya namba za kufikirika, ambazo hakuna fundi wa Thika atakayezipima kwenye chuma akate. Mimi nilitaka yale halisi tu. Kwa hivyo nikaandika programu ya kompyuta, mtandao wa neva bandia, niliyoiita mashine yangu, ijifunze kutokana na mifano ni mahali gani pa kuanzia kuyatafuta.

Mifano niliitunga jinsi walimu wetu wote walivyotunga mtihani: unachagua jibu zuri kwanza, halafu unarudi nyuma kutengeneza swali. Msimamizi akaipa mashine mlinganyo ambao hata mtoto wa sekondari angeona hauna jibu halisi. Mashine ikamwonyesha mahali pa kuanzia, bila haya. Alicheka hadi akavua miwani.

Nilikasirika, lakini kosa nililiona. Mashine yangu haikuwahi kukutana na swali lisilo na jibu, na sisi darasani tulikuwa hivyo hivyo. Nikatupa mifano yote, nikaokota namba ovyo ovyo kutunga milinganyo mipya, nikaitatua kwa njia ya zamani, stima ikipotea naanza upya. Safari hii mashine ilijifunza pia kunyamaza pale isipoona kitu.

Mbele ya jopo la watahini, msimamizi hakubadilika.

"Bado ni kamari."

"Dokta, jibu likipatikana nalirudisha kwenye milinganyo yote. Likikubali, kamari iko wapi?"

"Na mashine ikinyamaza? Ina maana jibu halipo?"

"Hapana. Hapo sijui, na kwa thesis nimeandika sijui."

Neno hilo liliwaudhi kuliko kosa lolote. Wakaniambia nichague: nitoe sura ya mashine nihitimu mwaka huo, au nibaki nayo bila shahada.

Mama alikuwa amesimama kiwandani miaka mingi ili mimi nisome. Nilimkuta akichagua maharagwe, nikamweleza.

"Mami," mama akasema, jinsi alivyozoea kuniita mimi bintiye, "si utoe tu hiyo kitu uvae gauni kama wengine? Watu wa kanisa wananiuliza kila siku."

"Nikitoa nitakuwa nimekubali ni kamari."

"Kwani ni kamari?"

"Si kamari, mama."

Akatupa jiwe nje ya mlango, akaendelea na maharagwe.

"Basi usitoe. Nitawaambia wewe ndio umekataa."

Jumapili kanisani aliwaambia hivyo hivyo, kwa sauti, na mimi nimekaa kando yake bila shahada.