Sketi ya Mskoti

Acheni nijiumbue mwenyewe kabla akina mama wa mtaa wa Molenbeek hawajamaliza kuniumbua. Mimi ni Mtanzania, mkalimani wa chama chetu cha Waswahili hapa Brussels, na sijawahi kukiri kwamba kuna neno la Kiingereza nisilolijua.

Mwezi uliopita profesa mmoja mzee, Mskoti, alinipigia simu ya ofisini, ile inayokoroma. Alitaka kuja kutusimulia historia ya "skeith", neno la kale la kwao. Kumuuliza maana niliona haya. Tena ya nini? Mskoti na sketi! Wanaume wao si huzivaa? Nikawatangazia akina mama hao, mafundi cherehani wetu: historia ya sketi, njooni na futi za kupimia.

Walijaa ukumbini Porte de Namur. Profesa akaingia kavaa suruali. Akaandika ubaoni SKAITH, nami nikatafsiri huku jasho likinitiririka: maana yake madhara, hasara, lilifika Uskoti na watu wa Norwe, Waholanzi nao husema "schade".

Hapo Maman Zuhura, fundi kutoka Bujumbura, akasimama na futi shingoni.

"Schade? Si iko kwenye papier yangu ya assurance, ile ya bima, maji ilipoharibu nyumba! Donc, tonton, sketi iko wapi?" Akanitazama juu hadi chini. "Bon, nimeelewa. Skaith ni wewe."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Profesa akanigeukia kwa adabu, akaniomba nimtafsirie mama amesema nini.