Mashimo ya Kaka Yangu

Binti yangu alikuwa darasa la tatu aliponiita chooni na kuniambia, "Mama, nakojoa damu." Nikatazama, nikaona kweli. Nikamshika mkono mpaka kituo cha afya, na nesi alipoleta majibu hakushangaa hata kidogo. Kichocho.

"Anaogea wapi?" akaniuliza.

Nilijua anaogea wapi. Bondeni kwetu, nje kidogo ya Konde, upo mto mdogo ambao zamani ulikuwa ukipita mbio juu ya mchanga. Kaka yangu, tuliyezaliwa tumbo moja, ndiye aliyeleta vijana wenye makoleo kuuchimba mchanga huo awauzie wajenzi. Kila walipochimba waliacha shimo. Mto ukakatikakatika, ukawa madimbwi ya maji yaliyolala, na kwenye majani ya kandoni wakajaa konokono wadogo. Nesi alinieleza: mgonjwa akikojoa majini, vijidudu huingia kwa konokono, huzaliana humo, kisha hutoka na kupenya ngozi ya yeyote anayeoga. Wale vijana hawakuwa na choo. Walikojoa hapo hapo waliposimama, maji yakiwafika magotini.

Nilimfuata kaka huko huko bondeni, kanga nimeifunga kiunoni.

"Mpwa wako anakojoa damu," nikamwambia.

Akacheka! "Hata siye tulikojoa damu udogoni. Tumekufa?"

"Hukufa kwa kuwa mama alikubeba mgongoni kukutafutia dawa! Weye umembeba nani?"

Vijana wakainamisha macho. Yeye akaniambia nisimwaibishe mbele ya watu wake. Aibu! Mwanangu analia kila akienda haja ndogo, na huyu bwana anaona aibu.

Nikaenda kwa sheha, kiongozi wetu wa mtaa. Sitamlaumu, alihangaika. Watoto wa skuli walipimwa, na wengi wa darasa la binti yangu walikutwa na kichocho. Wote wakapewa vidonge. Watu wa afya wakaja kutia dawa ya konokono. Kaka akaamriwa achimbe choo na afukie mashimo. Choo alichimba. Mashimo aliyafukia yale ya karibu na njia tu, yanayoonekana na wakubwa wakipita.

Binti yangu alipona. Sasa anaogea nyumbani, maji ya bomba, na yakikatika tunavumilia.

Kaka hakunisemesha mpaka Idi, alipokuja kula pilau kana kwamba hapakutokea kitu. Nikampakulia, ni ndugu yangu. Katikati ya kula akasema amepata bonde jingine, mbali kidogo, akanitajia na mahali, mchanga wake mzuri kuliko wa kwetu.

"Na choo?" nikamuuliza.

"Aa, kwanza tuanze kazi."

Nikaiondoa sahani mbele yake, mkono wake ukabaki hewani. Asubuhi nikapanda gari kwenda huko. Nilikuta kina mama wanafua mtoni, watoto wao wanachezea maji. Nikawaamkia, kisha nikawauliza sheha wao anakaa wapi.